Tumbo Lisitajwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Nimeanza na mvua makusudi. Mshauri amesema niandike kila siku tumbo langu linavyokwenda, nami sitaki lipate mstari wa kwanza. Limeshakula miaka yangu ya kutosha.

Alitaka nichore safu: nimekula nini, nimewaza nini, limeuma kiasi gani. Nikamwambia mimi naendesha winchi, si karani. Akacheka kidogo, akasema, "Basi andika unavyotaka, dada, mradi uandike." Ni mdogo kwangu, ana viatu vya raba na sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombania foleni. Chumba chake kina viti viwili, kabati la mafaili na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Lile boksi nililigeuzia mgongo tangu nilipoketi.

Aliyenipeleka kwake ni daktari wa matumbo. Alinitia kamera juu na chini, akapima damu, akapima choo, akanipaka mafuta baridi na kupitisha mashine yake, kisha akaniambia utumbo wangu ni mzuri, hauna kidonda wala uvimbe. Alisema kama mtu anayenipa pongezi. Nikamuuliza, kama ni mzuri mbona unaniua? Akasema maumivu ni ya kweli, ila tatizo liko kwenye mishipa ya fahamu inayounganisha utumbo na ubongo, na wapo watu wanaoweza kuifundisha mishipa hiyo itulie. Katika maneno yote hayo nilisikia jambo moja tu: mama, wewe una wazimu, na umekukaa tumboni.

Jumanne, 5 Machi

Limeuma asubuhi, likaacha, likarudi. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Kama mshauri atasoma haya, ajue ninapofanyia kazi. Mimi ni mwendesha winchi ya mnara, ile inayosimama juu ya jengo linalojengwa na kunyanyua nondo na ndoo za zege. Nina cheti, na nimekikalia kiti cha juu muda mrefu kuliko mwanamume yeyote pale saiti. Ngazi ya kupanda ni ndefu, na choo kiko chini kabisa, nyuma ya rundo la kokoto. Wanaume huko juu wana chupa zao. Mimi sikujaliwa anasa hiyo. Tumbo likianza, lazima nishushe mzigo, nizime mashine, niteremke, na watu wote wasimame kunisubiri.

Mwaka jana nilikuwa nateremka mara mojamoja. Baadaye ikawa kila siku. Mwishowe nikawa nateremka hata lisipouma, ili likianza linikute niko karibu na choo. Vibarua wakanipa jina: Lifti.

Foromani wetu si mtu mbaya. Aliniita pembeni, akavua kofia, akasema, "Dada, kaa stoo kwanza. Mvua zikikatika tunaanza ghorofa za juu, na hapo nataka mtu mmoja wa kudumu kwenye kile kiti. Ukiweza kukaa zamu nzima, kiti ni chako. Usipoweza, nitamwachia huyu." Huyu ni mwenzangu aliyepandishwa badala yangu, anayeshusha nondo kama anayebwaga kuni.

Kwa hiyo nina msimu mmoja wa mvua. Nagawa kofia na glavu, nasikiliza winchi yangu ikilia mikononi mwa mtu mwingine, na naona wivu ambao sikuwahi kuuona kwa mume.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa majokofu, na mama yake. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ni mwembamba, msafi, na sikio lake halipitwi. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo, Mama," naye anajibu, "Marahaba. Tumbo limeamkaje?" Hajawahi kuniuliza mimi nimeamkaje. Tumbo ndilo mkamwana wake. Mimi ni mbebaji tu.

Nikisema limeamka vibaya, analeta kibakuli cha uji mwepesi usio na sukari wala maziwa. Nikisema sitaki, ananijibu, "Mgonjwa haulizwi uji." Nikisema limeamka vizuri, uji unakuja vilevile, kwa tahadhari. Jioni mume wangu akirudi anamuuliza mama yake mlangoni, kwa sauti ya chini, "Leo likoje?" kama wenye mbwa mkali ndani.

Nadhani Mama anafurahia. Mwalimu hastaafu, anabadilisha mwanafunzi tu, na mimi ndiye mjinga wa darasa.

Jumatano, 13 Machi

Kwa mshauri leo sikutaka kusema kitu. Akanifundisha kupumua. Umri huu nimelipa nauli kwenda kufundishwa kupumua. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, ule wa tumboni ndio upande na kushuka, taratibu. Kuanzia leo nimempa jina la Bibi Pumua.

Kisha akaniuliza kuhusu winchi, na hapo mdomo ukafunguka. Nikamweleza kengele ya uzito: ukinyanyua mzigo unaozidi nguvu za mashine, kengele inalia kibandani, unashusha. Nikamwambia kwenye winchi yetu ya zamani kengele hiyo iliharibika, ikawa inalia hata kwa mfuko mmoja wa saruji.

"Mlifanya nini?" akauliza.

"Tuliita fundi."

"Na kabla fundi hajafika?"

"Tulifanya kazi ikilia. Nilikuwa naangalia kipimo cha uzito, siangalii kengele."

Aliniangalia tu, na mimi nikajiona nimeingia mwenyewe kwenye mtego niliousuka. Akasema daktari ndiye aliyesoma kipimo, na kipimo kinasema mzigo ni mwepesi. Kengele inalia kweli, sijaitunga, na inaumiza masikio kweli. Kazi yetu sisi wawili ni kuifundisha ilie inapostahili, na wakati huohuo mimi nijifunze kufanya kazi ikilia.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimekasirika kidogo, kwa sababu nimemwelewa.

Jumatano, 20 Machi

Bibi Pumua aliomba niwalete wa nyumbani. Mume wangu alivaa shati la kwendea harusini. Mama alikaa kwenye kiti wima, mkoba mapajani.

Mshauri aliwaeleza vizuri, kwa heshima. Alisema wananipenda, na hilo linaonekana. Lakini kila asubuhi wakiniuliza tumbo limeamkaje, mimi naingia ndani kulitafuta, na nikilitafuta nalipata.

"Kwa hiyo nisimuulize," Mama akasema.

"Usimuulize, Mama."

"Hata nikimwona amekunja uso?"

"Hata akikunja. Kwa sasa tumbo lisitajwe kabisa nyumbani. Mvua zikiisha tutakaa tena tuangalie tumefika wapi."

Mama alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, kama vile maneno yale yameandikwa mahali na anataka kuyasoma mwenyewe. "Tumbo lisitajwe kabisa nyumbani," akarudia polepole. "Nimeelewa, mwalimu."

Nilitamani kucheka. Namjua. Mpe Mama sheria na umempa chakula.

Alhamisi, 21 Machi

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Basi. Chai mezani, uji haupo. Nilisubiri lile swali mpaka chai ikapoa. Unaweza kukichukia kitu miaka na miaka, na siku kisipokuja ukabaki unakisikilizia.

Jumapili, 24 Machi

Jirani yetu, mke wa seremala, alikuja kukaa. Akaanza kumsimulia Mama kuhusu bintiye anayesumbuliwa na gesi tumboni. Mama akamkata: "Humu ndani hatulitaji hilo."

"Hatutaji nini, mama?"

"Hilo ulilotaja."

Jirani akanitazama, nikatazama dari. Mume wangu naye amefika mahali anasema friji ya mteja imeharibika "kule katikati". Tulicheka sana jikoni, mimi na yeye, tumefunga mlango. Muda mrefu hatujacheka namna ile.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu juzi, saiti ni tope tupu. Kazi niliyopewa na mshauri ni kupanda ngazi ya winchi hadi kituo cha kwanza, kile kijukwaa cha kupumzikia, wakati wa chakula cha mchana, nikae pale, na tumbo likianza nisishuke. Foromani amekubali. Mwelekezaji, yule anayesimama chini na redio ya mkononi kumwongoza aliye juu, amejitolea kunisimamia asije mtu akanicheka.

Lilianza nikiwa bado nafunga mkanda. Jasho likanitoka kwenye baridi. Nilipumua kama mjinga, mkono tumboni. Lilipanda, likapanda, nikajua sasa naaibika mbele za watu. Halafu likasimama, na baada ya muda likaanza kushuka lenyewe. Sikujua kwamba huwa linashuka. Siku zote nimekuwa nikilikimbia kabla halijafika, kama ninavyomkimbia mtu anayenidai.

Nilipoteremka mwelekezaji aliniuliza, "Vipi, Lifti?" Nikamwambia lifti imekwama juu kwa muda.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Kituo cha pili. Liliuma, nikakaa.

Jumapili, 7 Aprili

Mama amenuna. Nilijua ataishia hapo. Kwenye meza ya jioni anasogeza chakula pembeni, anasema ameshiba, anaondoka kwenda chumbani kwake. Nilipika nyama kwa mafuta kama anavyopenda yeye, hakuigusa. Tangu sheria iwekwe amekuwa mzito, hazungumzi, anajibu kwa neno moja. Mwanafunzi amepona kidogo na mwalimu amekosa kazi.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Mwache. Mama akinuna hununa kwa mpango." Nikamwacha.

Jumatano, 10 Aprili

Nilimweleza Bibi Pumua habari za Mama. Akafikiri, akasema huenda kunitunza ndiko kulikokuwa kazi yake, na mtu akinyang'anywa kazi huhuzunika. Tumpe muda. Jibu hilo lilinifaa, kwa sababu halikunidai chochote.

Mimi naendelea vizuri. Naandika neno hilo kwa woga.

Ijumaa, 12 Aprili

Foromani: Ijumaa ijayo nipande, nusu zamu, mzigo wa kweli. "Tuone," amesema. Usingizi hauji.

Jumanne, 16 Aprili

Mume wangu amesafiri kufunga chumba cha baridi kwenye kiwanda cha maziwa, mji mwingine. Tumebaki wanawake wawili na kimya chetu.

Asubuhi nilimkuta Mama ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, ameinama, maji yanatiririka bure. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nimesimama tu." Nikafunga bomba nikaenda kazini. Njiani nikawa namsema moyoni: na maigizo tena, wiki hii ya mtihani wangu, mradi tu nirudi kuwa mimi ninayehangaikiwa na yeye anayehangaika. Nayaandika kama nilivyoyawaza.

Jumapili, 21 Aprili

Sikuandika tangu Jumanne. Naandika sasa kwenye benchi la wodi ya wanawake, kitabu juu ya goti.

Ijumaa nilipanda. Mvua ilikuwa imepumzika na upepo ulikuwa mdogo. Nilikaa kwenye kiti changu, nikarekebisha kioo ambacho yule mwenzangu alikipindua, nikashika mikono ya mashine. Mwelekezaji akasema kwenye redio, "Karibu nyumbani." Nikanyanyua fungu la nondo la kwanza, nikaliweka pale lilipotakiwa, kimya, bila kishindo. Kisha la pili. Tumbo lilikuwa linauma. Nilikuwa nalisikia kama unavyosikia redio ya jirani. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki lini niliipata mara ya mwisho.

Halafu redio ikasema, "Dada, kuna simu ya nyumbani imepigwa ofisini. Jirani yako. Anasema mama yako ameanguka."

Nilishusha ndoo ya zege mpaka chini, nikafunga mashine, nikateremka. Ngazi nzima nilisikia vibarua wakiitana. "Lifti hiyo. Lifti inashuka." Mmoja akapiga makofi. Foromani alisimama chini, mikono kiunoni, na uso wake ulikuwa umeshaandika jibu. Ningeweza kusimama kumweleza. Nilimpita tu nikikimbia.

Mke wa seremala alikuwa amemlaza Mama sakafuni jikoni, kichwa kwenye mapaja yake. Alikuwa anatetemeka na mwili wa moto. Nilipomgusa ubavuni upande wa kulia, chini ya mbavu, alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Macho yake yalikuwa na umanjano. Nimeishi na macho yale nyumba moja, na sikuyaangalia.

Hospitali wakasema ni mawe kwenye kibofu cha nyongo. Yamekaa muda, yamemsumbua muda, na sasa kibofu kimeoza kwa ndani na lazima kitolewe leo. Daktari wa upasuaji aliniuliza, "Ameanza lini kulalamika?" Nikamwambia hajalalamika. Akanitazama kama anayesikia uongo. Akauliza kama alikuwa anakula, kama alikuwa anakwepa mafuta, kama alikuwa anashika ubavu. Nikajibu yote, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandika humu, chini ya neno kununa.

Nesi aliyekuwa anamvua hereni alimwambia Mama, kwa upole, "Bibi, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulikuwa unamficha nani?" Walimsukuma ndani.

Nikaketi kwenye benchi la ukutani. Mume wangu alikuwa kwenye basi, ana safari ndefu bado. Walisema wataita "jamaa wa mgonjwa" wakihitaji sahihi au damu, nisiondoke. Na hapo ndipo lilipokuja. Halijawahi kuja vile. Lilinikamata kuanzia kitovu hadi mgongoni, na choo kilikuwa mwisho wa korido ndefu, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mlinzi wa getini. Zamani ningeondoka mbio. Ningesema moyoni, nikiwa mgonjwa nitamfaa nini. Niliweka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, mbele ya watu wote, mwanamke mzima mwenye buti za saiti na tope mpaka magotini. Nikapumua. Halikuondoka. Nataka liandikwe wazi kwamba halikuondoka. Mama alikuwa anapasuliwa tumbo nyuma ya mlango ule, na langu lililopimwa likakutwa zima lilikuwa linapiga kelele kuliko la yeyote hospitalini. Nililiacha lipige kelele. Niliangalia mlango.

Walipoita "jamaa wa mgonjwa" nilisimama, nikasaini, nikawapa damu. Kisha nikaenda kumtafuta mlinzi mwenye ufunguo.

Ametoka hai. Bado hajazungumza.

Jumanne, 23 Aprili

Mama amezungumza. Mume wangu alikuwa ametoka kununua dawa. Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeuliza kilichoandikwa ubaoni. "Si mlisema lisitajwe?"

"Langu, Mama. Tulisema langu lisitajwe."

"Yule mwalimu alisema tumbo. Hakusema la nani." Alipumzika. Kila neno lilikuwa linamgharimu. "Na hata angesema. Wewe ulikuwa umeanza kupanda ile ngazi. Nilikuwa nawasikia jikoni mnacheka. Ningelitaja langu, lako lingesikia."

Nikachovya pamba tena majini. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ulikaa juu siku ile?"

"Nilikaa, Mama."

"Vizuri," akasema, kama anayetia alama ya vema kwenye daftari.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikwenda kwa mshauri kumwambia sirudi tena. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Nikasema yeye na mimi tulikaa tukasuka sheria ya kunituliza mimi, na mwanamke mzee akaoza ndani kwa kuitii. Nikamwambia kengele ya Mama haikuharibika. Tuliizima sisi.

Hakujitetea. Macho yake yakawa mekundu, akasema, "Sheria niliiweka mimi, na niliiacha wazi. Kisha ukaniambia Mama hali chakula, nikakupa jibu la haraka. Kosa hilo ni langu kabla halijawa lako, na nitamwambia Mama hivyo mwenyewe, akinikubalia."

Sijazoea msomi anayesema hivyo. Nikakaa. Nikasema sehemu yangu nayo naijua: nilimwona ameshika sinki nikafunga bomba. Miaka yote kulikuwa na tumbo moja tu nyumbani kwetu, na lilikuwa langu. Hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akamuuliza Mama lake limeamkaje. Si mimi wala mwanawe. Hakukuwa na nafasi.

Nililivuta lile boksi la karatasi nikalimaliza karibu lote.

Kabla sijaondoka tuliandika upya. Maumivu yangu ya zamani, yaliyopimwa, tunayaacha yalie. Maumivu mapya, ya mtu yeyote, yanasemwa siku hiyohiyo: homa, damu, macho ya manjano, mtu kukataa kula. Na hakuna kukisia mwenzako amenuna. Unamuuliza, unasubiri jibu.

Mume wangu nilipomsimulia usiku alilia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema, "na mimi nikasema ananuna kwa mpango."

Jumatatu, 29 Aprili

Foromani aliniita ofisini. Ofisi yenyewe ni kontena lenye meza na ramani zenye matone ya chai.

"Ulishuka," akasema.

"Nilishuka."

"Kwa sababu ya tumbo?"

"Ndiyo. La mama mkwe wangu."

Mwelekezaji na karani aliyepokea simu walikuwa hawajamweleza; kila mmoja alifikiri si kazi yake. Foromani alivua kofia, akaizungusha mikononi. Akasema nirudi stoo kwa sasa, na mvua zikiisha tutajaribu tena, mara moja tu. Nilishukuru nikaondoka. Sikulia wala sikushangilia. Nilikuwa nafikiria supu ambayo Mama ameruhusiwa kunywa.

Jumapili, 12 Mei

Mama yuko nyumbani. Mshauri alikuja na viatu vyake vya raba, akaketi kitandani kwake, akamwomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwalimu, ukitoa amri, toa na mfano wake. Watoto huelewa vibaya." Kisha akaniagiza nimletee mgeni chai.

Jumatatu, 13 Mei

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Tumbo limeamkaje?"

Alinikodolea macho. "Zuri."

Jumamosi, 18 Mei

Kila asubuhi namuuliza, kila asubuhi ni zuri. Simwamini. Huyu amezoea kusahihisha, hajazoea kusahihishwa. Nampikia uji mwepesi, anasema hautaki, nami namkumbusha mgonjwa haulizwi. Jana alinitazama kwa jicho baya sana, lakini akaumaliza.

Mvua zimepungua. Vituo vyote vya ngazi nimeshakaa.

Jumatatu, 27 Mei

Zamu nzima.

Liliuma asubuhi na likauma tena baada ya chakula cha mchana. Niliteremka wakati wa mapumziko, kama wengine wote, nikapanda tena kama wengine wote. Nondo, zege, mbao, nondo. Kengele ya uzito ililia mara moja, kwa haki, nikashusha mzigo nikawaambia waupunguze. Jioni foromani alimpa yule mwenzangu ufunguo wa stoo. Vibarua bado wananiita Lifti na nadhani nitazikwa na jina hilo.

Ijumaa, 31 Mei

Hakuna mvua. Nilikuwa nimeshavaa buti, nachelewa. Mama alikuwa kwenye kiti cha jikoni, shali begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Tumbo limeamkaje?"

Nikasubiri. Alivuta shali, akaangalia dirishani, akasema kwa sauti ndogo, kama anayekiri kosa, "Leo limeamka vibaya kidogo. Pale kwenye mshono. Na usiku lilinikata."

Nikavuta kiti nikaketi mbele yake na buti zangu. Nikamuuliza limekata vipi, na homa, na kama amekula. Nikamgusa paji la uso, lilikuwa baridi. Nikaangalia macho yake, yote mawili, vizuri, kwenye mwanga. Yalikuwa meupe. Nikamwambia tutampigia daktari asubuhi hii hii, mwanawe atampeleka. Akatikisa kichwa kukubali. Tulikaa hivyo, na winchi ikanisubiri.

Kisha akanishika mkono, ambalo si jambo lake. "Na la kwako, mwanangu? Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, Mama."

"Limeamkaje?"

"Linauma," nikasema. "Naenda kazini."

"Haya," akasema. "Nenda."